Yaliyopita si ndwele? Muulize mwenye PTSD

Siku hizi ukifungua simu kila mtu ana trauma. Mdada kaachwa na jamaa wa miezi mitatu, ana trauma na wanaume wa Dar. Mwingine alifeli hesabu form two, ana trauma na hesabu. Juzi nimeona mtu kaandika ana trauma na ugali wa dona wa bweni, komenti kibao watu wanacheka, na mi mwenyewe nilicheka maana ule ugali naujua. Utani hauna shida. Shida ni kwamba neno likishatumika kwa kila kitu, siku akitokea mtu anayeumwa kweli naye anaonekana anadeka tu. Alafu upande wa pili kuna watu wanaumwa kabisa, miaka na miaka, na hilo neno hawajawahi hata kulisikia, wanachojua ni kwamba wamerogwa, au wamekuwa waoga, au kama wanavyosema majirani, "tangu ile ajali yule sio yule".

Kwa hiyo tuanze na maneno yenyewe, taratibu.

Hiyo trauma kwa Kiswahili ni kiwewe, neno letu la siku zote. Mtu kapigwa na kiwewe, yaani kashtuka mpaka akili imesimama. Wataalamu wa afya ya akili wamelichukua hilo hilo kumaanisha tukio ambalo ndani yake kuna kifo, au kuponea chupuchupu, au kuumizwa vibaya, au ukatili wa kingono. Linaweza kuwa limekukuta wewe, au umelishuhudia kwa macho, au umepigiwa simu kwamba limemkuta mwanao, au ni kazi yako inayokukutanisha nalo kila siku kama zimamoto, nesi wa majeruhi, au wale vijana wanaozamia kutoa miili chombo kikizama. PTSD sasa, hizo herufi nne za kizungu, ndio ugonjwa unaoweza kubaki baada ya tukio kupita. Kwa Kiswahili utakuta wanauita ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe. Mi nitaendelea kusema PTSD kwa sababu ni fupi.

Shika tofauti hiyo kwanza. Kiwewe ni ajali, PTSD ni mguu uliovunjika. Watu kumi wanaweza kupata ajali moja, wengine wakatoka bila mchubuko. Na kuachwa na mpenzi kunauma, sibishi, kunaweza hata kukuletea sonona ukashindwa kula wiki nzima, lakini ni ugonjwa mwingine na matibabu yake mengine.

Wahenga wetu walilijua hili jambo nusu. Wamesema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapo walipiga kwenyewe, sijaona kitabu kilichoelezea dalili ya PTSD kwa ufupi kama huo. Alafu wahenga hao hao wakasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hapo kwa mgonjwa huyu wamekosea, maana kwake yaliyopita ndio ndwele yenyewe. Na vurugu karibu yote ya watu kuhusu huu ugonjwa inatokana na kumpa mgonjwa methali ya pili wakati anaishi ndani ya ile ya kwanza.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa konda wa basi la mkoani, njia ya Dar Mbeya, kazi anaipenda, anajua kila mama muuza vitunguu kuanzia Chalinze mpaka Ilula. Mwaka mmoja basi lao likakosa breki kwenye mteremko wa Kitonga. Wanaoijua Kitonga sina haja ya kuwaelezea, wasioijua wafikirie ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na kona zinazokuja kabla hujamaliza ile ya nyuma. Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Akatoka na mfupa wa bega umevunjika. Wengine hawakutoka.

Bega lilipona baada ya wiki sita. Familia tukachinja kuku, tukashukuru Mungu, tukajua yameisha.

Kama mwaka hivi baadae tumekaa jioni Mbagala kwenye kibanda cha chipsi, stori zinaenda, likaja semi likasimama barabarani likaachia upepo wa breki, ule mlio wa tshiiii tunaousikia mara mia kwa siku. Nikamgeukia nimwambie kitu nikakuta hayupo. Yupo kwenye kiti, ila hayupo. Macho yamesimama kwenye ukuta wa kibanda, jasho linatoka kwenye nywele, chipsi zimemwagika kwenye suruali na wala hajaona, na mkono wa kushoto chini ya meza dole gumba linagusa vidole vingine kimoja kimoja, la kwanza, la pili, la tatu, la nne, linarudi. Nikamwita mara tatu. Aliporudi akaniambia hana kitu, ni malaria. Ilimchukua miezi mingine ndio akaja kuniambia alikuwa anafanya nini na vidole. Alikuwa anahesabu abiria.

Kwanini mlio wa breki za semi la mwingine, Mbagala, umrudishe mtu Kitonga? Hapa ndio penye kiini cha ugonjwa, na mimi nilielewa siku mtu aliponifafanulia nikajikuta nawaza mpira.

Mechi ya Simba na Yanga ukiiangalia laivu unakufa. Mapigo ya moyo, viganja vimelowa, penalti huangalii unageuka. Mechi hiyo hiyo ukiiangalia marudio kesho yake, umetulia, unakula karanga, maana unajua imeisha na matokeo unayo. Picha ni zile zile, goli ni lile lile, kilichobadilika ni kwamba kichwa chako kimeshapiga muhuri: hii ni ya jana. Kumbukumbu za kawaida, hata mbaya, hata msiba, mwisho wa siku zinakuwa marudio. Zinauma ila unajua ni za lini. Kumbukumbu ya mwenye PTSD imegoma kuwa marudio. Kila ikija inakuja laivu, hajui matokeo, basi linashuka sasa hivi.

Inakuwaje inakosa muhuri? Kwa kurahisisha sana ni hivi. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo kama punje ya lozi kinaitwa amigdala, hicho ndio mlinzi wa geti, kazi yake kupiga kelele kukiwa na hatari. Kuna sehemu nyingine ni kama karani, kazi yake kuandika kitu kimetokea lini, wapi, kipi kilianza kipi kikafuata. Wakati wa hatari kubwa mlinzi anapiga kelele mpaka karani anashindwa kuandika vizuri. Kinachobaki ni vipande: harufu ya dizeli, mlio, rangi ya kanga ya mama aliyekuwa siti ya mbele, havina tarehe wala mpangilio. Sasa baadae kipande kimoja kikiguswa, mlinzi hana pa kuuliza hiki ni cha lini, anajua ni sasa. Anapiga king'ora, mwili unatii. Na ndio maana ukimwambia mtu "lakini unajua kabisa hapa ni Mbagala" hausaidii kitu, anajua, ila anayejua sio aliyeshika king'ora.

Dalili nyingine zote zinatokea hapo hapo. Kama tukio linarudi laivu, usiku linarudi kwa ndoto, kwa hiyo mtu anaogopa kulala, anakaa barazani taa inawaka mpaka adhana ya alfajiri. Kama kuna vitu vinavyolirudisha, basi atavikwepa: kaka aliacha ukonda, sawa, ila baadae akaacha kupita Mbezi kwenye stendi, alafu akaacha kupita barabara yoyote yenye mabasi makubwa, mwishowe akawa anatoka Mbagala kwenda Tandika kwenye kibanda chake cha makava ya simu kwa njia za vichochoro tu, dunia yake ikawa ndogo kama kata mbili. Kama mlinzi haamini tena kitu, mwili unakuwa kwenye zamu saa zote, mtoto akidondosha sufuria anaruka, alafu anafoka, alafu anajuta. Na ya mwisho ni ile ambayo watu hawaijui na mi naona ndio inaumiza kuliko zote, mtu anaanza kujiona mbaya. Kaka alikuwa na uhakika kabisa kwamba kosa ni lake kwa sababu yeye ndio alimpokea yule mama begi akamwambia kaa siti ya mbele utapata upepo. Furaha inakauka, watu wanakuwa mbali, anakuja kwenye harusi anakaa kama yuko nyuma ya kioo.

Sasa angalia kwa nje, jirani anaona nini? Anaona mtu halali, hana kazi ya maana, mkali, anakunywa, haongei. Kila dalili ina jina lake mtaani. Mvivu, mlevi, ana jini, ana roho mbaya.

Kuna jambo la mda hapa na watu wanalichanganya. Wiki za mwanzo baada ya tukio baya, kuota ndoto mbaya, kushtuka, kulia, kukosa usingizi, ni kawaida, huo sio ugonjwa bado, ni kidonda kibichi na wengi kinafunga chenyewe. PTSD inaanza kutajwa dalili zikipita mwezi mmoja na zikawa zinamzuia mtu kuishi, kazi haiendi, nyumba haikaliki. Wapo pia ambao wanaonekana wazima miezi sita au zaidi alafu ndio inalipuka, mara nyingi baada ya kitu kingine kuja juu yake, msiba mwingine au kazi kupotea.

Na sio kila mtu. Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 70 ya watu duniani watapitia tukio la aina hii angalau mara moja maishani, lakini wanaoishia na PTSD ni kama asilimia 5.6 yao. Kwa hiyo anayesema "nchi nzima tuna PTSD" anakosea, na anayesema "mbona mimi nilipata ajali na niko fresh" naye anakosea, kwa sababu uko upande wa wengi, hongera, ila sio ushahidi kwamba mwenzako anaigiza. Kinachoongeza uwezekano sio ulaini wa moyo. Ni aina ya tukio, na ukatili wa kingono unaongoza kwa mbali, tena jambo ulilofanyiwa na binadamu kwa makusudi linaacha kovu baya kuliko la bahati mbaya. Ni iwapo ulishapitia mengine utotoni. Na ni kilichofuata baada ya tukio: ulipokelewa au uliambiwa ulivaa nini?

Hoja ya "hajikazi" ina historia ndefu na mbaya. Vita ya kwanza ya dunia, wanajeshi wa Uingereza walianza kurudi kutoka mstari wa mbele wanatetemeka, wengine bubu, hawana jeraha. Daktari Charles Myers akaandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1915, enzi hizo wakidhani ni mshtuko wa mabomu umetikisa ubongo. Jeshi lenyewe halikuwa na subira hiyo. Askari 306 walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama woga na kutoroka, na inaaminika baadhi yao walikuwa wagonjwa tu. Walisamehewa mwaka 2006, miaka tisini imepita. Na vita hiyo hiyo ilipiganwa huku kwetu, wapagazi wa Kiafrika walibeba mizigo ya Waingereza mpaka wakafa kwa maelfu, jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku limetokana na kikosi chao. Wao hakuna daktari aliyekaa kuandika wanaota nini usiku.

Kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani jina PTSD liliingia 1980, baada ya vita ya Vietnam, na hapo ndipo ilipozaliwa dhana kwamba ni ugonjwa wa wanajeshi, tena wa kizungu. Waulize Wanyarwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wana neno lao, ihahamuka, neno linalobeba picha ya mtu kuishiwa pumzi kabisa kana kwamba mapafu yameondoka. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, wakati wa kumbukumbu, kuna watu wanaanguka uwanjani, wanapiga kelele, wanakimbia wakiona wanaowafukuza. Hakuna aliyewafundisha kizungu. Au Nairobi, 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Kulikuwa na mlio wa kwanza, mdogo, watu wa maofisini wakakimbilia madirishani kuangalia kuna nini, ndipo bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawapiga usoni. Watu 213 walikufa siku hiyo Nairobi peke yake na wengi wakapoteza macho. Mtu wa pale akikataa meza ya dirishani kwenye mgahawa, anaringa?

Sahau, jikaze, ongea

Ushauri wa kwanza ambao kaka alipewa na kila mtu, mimi nikiwemo, ni asahau. Tulimtoa out, tukazima redio ikitaja ajali, akianza kuongea tunabadilisha mada, tukajua tunamsaidia. Kumbe kila akikwepa, mlinzi wa geti anajifunza kwamba kweli kulikuwa na hatari na kukwepa ndio kumetuokoa, kesho anapiga kelele zaidi. Kukwepa kunatuliza kwa saa moja na kunalisha ugonjwa mwaka mzima. Ni mkopo wa kausha damu.

Lakini msikimbilie upande wa pili pia, kwamba mtu ametoka kwenye ajali leo basi akalishwe chini leo leo aeleze kila kitu atoe sumu. Ilikuwa fasheni miaka ya nyuma, timu inakuja kwenye tukio wanakusanya watu wote wasimulie. Ilipochunguzwa haikuzuia PTSD, na wengine iliwazidishia. Kinachoshauriwa siku za mwanzo ni vitu vya kawaida kabisa: mtoe kwenye hatari, mpe maji, mfunike kanga, mtafutie simu aongee na nyumbani, mkae naye, akitaka kuongea msikilize, asipotaka usimchokonoe. Bibi zetu wanavyokaa kwenye msiba, mkekani, bila maswali. Ile tunaiona desturi tu, kumbe ni huduma ya kwanza.

Na watoto, jamani. "Huyu mdogo hakumbuki." Mtoto wa miaka minne hatakusimulia, atacheza. Utamuona anagonganisha vigari, anavilaza, anavigonganisha tena, mchezo ule ule hauishi, au ameanza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Anakumbuka.

Matibabu yenyewe yakoje

Zahanati ya kwanza kaka alipewa vidonge vya usingizi, vile vya jamii ya valiamu. Akalala wiki mbili akaona kapona, alafu dozi ile ile ikawa haimlazi tena, akaanza kuongezea na bia. Vidonge vya aina hiyo havishauriwi kutibu PTSD, havimfundishi mlinzi chochote, vinampulizia usingizi tu, na vina uteja ndani yake. Simlaumu yule dokta sana, foleni ilikuwa mpaka nje na mgonjwa mwenyewe kasema tatizo lake ni usingizi.

Matibabu yenye ushahidi mkubwa ni ya kuongea, ila sio kuongea kwa kupiga soga wala kupewa nasaha. Yana hatua, mara nyingi vikao kati ya nane na kumi na tano, kila wiki kimoja, na kazi ya nyumbani unapewa. Lengo sio kusahau na wala sio kufurahi, lengo ni kuifanya kumbukumbu iwe marudio.

Kaka alipofika hospitali ya rufaa, mtaalamu wa saikolojia alimpa karatasi waandike vitu vyote anavyovikwepa na kila kimoja akipe namba ya hofu, sifuri mpaka mia. Nimeiona ile karatasi, bado anayo kwenye waleti. Kusimama sheli anuse dizeli, 30. Kukaa ndani ya basi lililozimwa, 50. Stendi ya Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, 65. Kusafiri mpaka Chalinze, 80. Kitonga, 100, na ameipigia mstari mara mbili mpaka karatasi imetoboka. Alafu wakaanza na ya 30. Akasimama sheli, moyo ukaenda mbio, akaambiwa usiondoke, baki. Akabaki. Baada ya nusu saa mwili wenyewe ukachoka kuogopa. Kesho tena. Ndio siri yenyewe, hofu ukiisubiri bila kukimbia inapanda alafu inashuka, lakini mtu ambaye huwa anakimbia ikiwa juu hajawahi kuiona ikishuka.

Upande wa pili wa kazi ni kusimulia. Kikao baada ya kikao, tukio lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, macho yamefungwa, inarekodiwa kwenye simu, anaenda kuisikiliza nyumbani. Wiki ya pili alitaka kuacha. Ndoto ziliongezeka, akasema huyu mama wa hospitali ananiua. Wengi wanaacha hapo, na ni vizuri mtu na familia yake waambiwe mapema kwamba kabla ya kupoa kuna kuchemka.

Zipo njia nyingine za familia hiyo hiyo. Moja inashughulika zaidi na ile hukumu ya "kosa ni langu", mnaikagua kama mahakama, ushahidi uko wapi, konda angejuaje breki zitakata. Nyingine unasimulia huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu kulia kushoto, ilianzishwa na Mmarekani Francine Shapiro mwaka 1987, inaonekana kama kiinimacho lakini inafanya kazi, ingawa wataalamu bado wanabishana kama ni macho yanayosaidia au ni kule kusimulia. Ninayoipenda mimi ni ya kamba. Unatandika kamba sakafuni, hiyo ni maisha yako kuanzia kuzaliwa, unaweka maua penye mazuri na mawe penye mabaya, alafu mnatembea nayo jiwe kwa jiwe, kila jiwe linapata umri wake na mahali pake. Karani anaandika upya kile alichoshindwa siku ile.

Na kabla hujasema haya ni ya hospitali za Ulaya. Hiyo ya kamba ilijaribiwa na wakimbizi wa Kinyarwanda na Kisomali kambi ya Nakivale, Uganda, na waliokuwa wanatibu ni watu wa jamii za wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo, sio madaktari. Kivu, mashariki ya Kongo, wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono walitibiwa kwa vikundi na wahudumu wa hapo hapo kijijini, wengi wa wale akina mama hawajui kusoma kwa hiyo kazi ya nyumbani ikageuzwa ya kukariri, na miezi sita baadae hali zao zilikuwa nzuri mno kuliko wenzao waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Matokeo yalitoka 2013. Moshi na Bungoma nako watoto 640 waliofiwa na wazazi waliingizwa kwenye utafiti wa namna hiyo, washauri wakiwa watu wa kawaida waliofundishwa, na kwenye maeneo matatu kati ya manne ya utafiti, mjini na vijijini, ilisaidia kuliko huduma waliyozoea.

Dawa zipo pia, sio adui. Zile za kundi la dawa za sonona kama sertralini na paroksetini zinawasaidia baadhi ya watu, hasa kama sonona imeshaingia juu yake au mtaalamu wa kuongea hayupo karibu. Zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, mwanzoni zinaweza kukuletea kichefuchefu, na haziachwi ghafla kama panadol maumivu yakiisha.

Dua je? Familia yetu ilipeleka kaka kwa shehe kabla ya hospitali, na sijuti. Alisomewa, alishikwa mkono, aliambiwa sio yeye aliyeua wale watu, na shehe mwenyewe ndio alisema huyu kijana mpelekeni na hospitali. Viongozi wa dini wa namna hiyo wana thamani kubwa. Ninachokataa ni kufungwa minyororo, kupigwa ili jini litoke, kufungiwa chumba cha giza. Mtu aliyeumizwa na kukosa udhibiti wa mwili wake unamnyang'anya udhibiti tena, hapo umemuongezea jiwe jipya kwenye kamba.

Nyumbani

Anayeishi na mtu wa hivi ana maswali ya kawaida kabisa na hakuna anayemjibu. Akiota anapiga kelele usimtikise, hasa usiinamie juu yake, simama miguuni kwa kitanda umwite jina, washa taa. Usimshike bega kwa nyuma. Kama leo kuna fataki au mafundi wanakuja kupiga nyundo, mwambie asubuhi, kelele aliyoitarajia sio sawa na iliyomvamia. Ikimshika mchana kama ile ya kwenye chipsi, usimuulize "unawaza nini", mrudishe kwenye leo: mwambie avue ndala akanyage sakafu ya baridi, ashike chupa ya maji ya friji, ataje vitu vitano anavyoviona, aseme leo ni siku gani na hapa ni wapi. Sio dawa, ni kumpa mlinzi kitambulisho cha leo.

Pombe na kahawa za usiku zipunguzwe, ila usizigeuze vita ya kila siku, mtu anakunywa ili alale. Na akianza kusema hana maana ya kuishi, bora angekufa na wale wengine, usimwambie acha kufuru. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpi wazo. Usimuache peke yake, ondoa sumu ya panya na dawa za shamba ndani, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Pa kwenda papo ingawa hapatoshi. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, Dar kuna Muhimbili, Dodoma Mirembe, Unguja Kidongo Chekundu, Nairobi Mathari, Kampala Butabika. Najua mtu akisikia Mirembe anaona tusi, tumekua tukiambizana "we wa Milembe" shuleni. Kaka alikataa miezi minne kwa sababu ya hilo jina tu, na wala hakupelekwa huko. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje pamoja na mama wa presha na mzee wa kisukari, saa mbili asubuhi, akachukua namba.

Haponi kila mtu kwa asilimia mia na sitaki kumdanganya mtu. Wengi wanapungukiwa dalili mpaka maisha yanarudi, wengine inabaki kidogo inakuja miezi fulani. Nilichokiona mimi ni kwenye lugha. Zamani kaka akisimulia ile siku alikuwa anasema "tunashuka, naskia harufu, namwambia dereva". Mwezi uliopita tumekaa nje kwake mtoto akamuuliza kovu la bega ni la nini, akajibu "tulikuwa tunashuka mlima, breki zikakata, watu wengi walifariki". Akanyamaza kidogo akaendelea kumenya chungwa. Nilihesabu, kila kitendo kilikuwa cha wakati uliopita.

Wiki iliyofuata alipanda basi Mbezi kama abiria, siti ya katikati, upande wa korido, mpaka Chalinze. Akashuka akanunua mahindi ya kuchoma akapanda lingine akarudi. Ile 80 kwenye karatasi kaikata kwa peni nyekundu. 100 bado ipo.